Umeme Ukikatika kwa Dhoruba: Namna ya Kubaki Salama na Kupata Msaada Pwani ya Afrika Mashariki

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Jina hilo, kama kila Mswahili ajuavyo, maana yake ni zawadi, ingawa watu wa Kilwa walioamka na kukuta barabara ya Dar es Salaam imekatwa na maji maeneo ya Somanga hawakuwa na hamu ya kufikiri juu ya maana ya majina. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari siku kadhaa kabla, boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari, na wavuvi walionywa wasiende baharini. Vimbunga vya namna hiyo ni vichache katika mwambao wetu, kwa kuwa tupo karibu mno na mstari wa Ikweta. Hata hivyo si jambo geni kabisa, maana kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja kiasi kwamba Pemba ikashika uongozi wa zao hilo, na kingine cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi.

Lakini mwongozo huu hauhusu vimbunga peke yake. Dhoruba ya kawaida ya masika, ile inayokuja alasiri na upepo wa dakika ishirini, inatosha kabisa kuuacha mtaa mzima gizani kwa siku mbili. Ninachotaka kusisitiza ni hiki: giza lenyewe halimdhuru mtu. Wanaoumia baada ya dhoruba mara nyingi huumia upepo ukiwa umekwisha kutulia, kwa sababu ya waya ulioanguka, kwa moshi wa jenereta au mkaa, kwa moto wa mshumaa, au kwa chakula na maji yaliyoharibika. Mengi ya hayo yanatokana na yale tunayoyafanya wenyewe kupambana na giza, na kwa hiyo mengi yanazuilika.

Kabla upepo haujaanza

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi tatu katika taarifa zake: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Watu wengi husikia maneno hayo kama kwamba ni kitu kimoja kilichosemwa kwa namna tatu, nayo siyo. Angalizo hukutaka ufuatilie hali ilivyo. Tahadhari hukutaka ujiandae. Tahadhari kubwa hukutaka uchukue hatua wakati huohuo. Ukisikia neno tahadhari likitajwa kwa mkoa wako, basi yafuatayo yafanyike siku hiyohiyo na yasingoje kesho.

La kwanza ni LUKU. Wengi hawafikirii jambo hili mpaka wamechelewa: mita nyingi za malipo ya kabla hazipokei tokeni wakati hakuna umeme, na mitandao ya simu inayotumika kununulia nayo huweza kuyumba baada ya dhoruba. Aliyeishiwa yuniti anaweza kukuta jirani zake wote wamewashiwa taa huku yeye akiendelea kukaa gizani, akidhani bado hitilafu haijatengenezwa. Nunua yuniti za kutosha siku kadhaa, uziingize kabisa, na usiziache kwenye ujumbe wa simu. Kisha chukua kalamu uandike namba ya mita yako, ambayo kwa LUKU ina tarakimu 11, kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango. Simu ikizima, karatasi haizimi, na namba hiyo ndiyo utakayoulizwa kwanza utakapopiga simu kutoa taarifa.

La pili ni maji. Mijini tumezoea kuyaona maji na umeme kama mambo mawili mbalimbali, ilhali pampu ya kisima, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu na mitambo ya mamlaka ya maji vyote hutegemea umeme. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa haya: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa takribani miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa hitilafu ya njia inayotoka bara, na kero kubwa ya majumbani ikawa ni ndoo na foleni za maji. Jaza madumu, ndoo zenye mifuniko na sufuria kubwa. Tenga maji ya kunywa na ya chooni tangu mwanzo, kwa kuwa yakichanganywa hakuna atakayekumbuka yapi ni yapi.

La tatu ni simu na mwanga. Chaji simu zote, pawabenki na taa za sola. Nunua betri za redio na za tochi. Redio ndogo ya betri inaonekana kitu cha kizamani, lakini minara ya simu nayo huendeshwa kwa umeme, na betri zake za akiba hudumu saa kadhaa tu, baada ya hapo mtandao hupungua au kupotea kabisa. Redio haina shida hiyo.

Mwisho wa maandalizi, zunguka nje ya nyumba. Tazama mnazi au mwembe ulioinamia waya unaoingia nyumbani kwako. Usiukate wewe wala kijana wa mtaani kwa panga na ngazi. Tawi likigusa waya, panga na mkataji vyote vinakuwa sehemu ya njia ya umeme. Shirika la umeme lina watu wa kukata miti iliyo karibu na njia zake, nao huitwa mapema, wakati anga ni jeupe. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari, maana bati linaloruka ni adui wa nyaya na wa shingo za watu.

Waya ulioanguka

Hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapopoteza maisha.

Nyaya nyingi za mitaani kwetu ni waya wazi, hazina ganda la plastiki. Zimeshikiliwa na vikombe vya kauri au kioo juu ya nguzo za mbao, na ardhi ikilowa sana nguzo hulegea. Upepo wa bahari nao huleta chumvi ambayo hujikusanya juu ya vikombe mpaka umeme ukapata njia ya kuvuja. Kuti bichi lililolowa likidondokea nyaya mbili hutosha kuzima mtaa. Kwa hiyo asubuhi baada ya dhoruba utakuta waya umelala barabarani, kimya, bila cheche na bila mlio, na mtoto anapita kwenda dukani.

Kila waya uliolala chini uhesabiwe kuwa una umeme. Kusema "lakini mtaa mzima umekatika" si hoja. Mafundi huweza kurudisha umeme wakati wowote bila kujua kuwa waya ule umeanguka, na njia za usambazaji zinazopita mitaani huweza kubeba volti 11,000 au 33,000, si volti 230 za soketi ya nyumbani. Kaa mbali angalau mita kumi, yaani urefu unaokaribia basi, na waambie wengine wakae mbali vilevile. Ukiweza, mweke mtu mzima kila upande wa njia awazuie watoto, bodaboda na mifugo mpaka mafundi wafike.

Sababu ya kukaa mbali hivyo, na si kuepuka kuugusa tu, ni kwamba umeme ukiingia ardhini husambaa kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani, ukiwa mkali karibu na waya na ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu anayepiga hatua ndefu karibu na waya huo anakanyaga sehemu mbili zenye nguvu tofauti, na umeme hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ndiyo maana ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, hufa haraka pale. Ukijikuta umekwisha kukaribia, usikimbie. Bana miguu pamoja, uburuze nyayo kidogo kidogo bila kuziinua, ama uruke miguu yote ikiwa imeshikana, mpaka uwe mbali. Ikiwa waya umeangukia gari nawe umo ndani, baki ndani, piga simu, na uwazuie walio nje wasikaribie. Ni moto pekee unaokulazimu kutoka, na hapo uruke nje miguu ikiwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kwetu zaidi kuliko ya nchi za mapaa ya vigae, nayo ni bati. Katika mtaa niliokulia, baada ya mvua ya usiku, waya unaoingia nyumbani kwa jirani ulichunika ganda pale unapopita ukingo wa paa, ukagusa mabati. Hakuna kilichoonekana. Nyumba ile ilikuwa na kamba ya kuanikia nguo, nayo haikuwa kamba bali waya wa chuma uliofungwa kutoka kwenye bati hadi kwenye mti wa mpera. Mama mwenye nyumba alipoinua khanga yenye maji kuianika, mkono ulirushwa nyuma kana kwamba mtu ameupiga kofi. Alisalimika kwa kuwa alikuwa amevaa kandambili kavu za mpira na alikuwa hajaushika waya, ameugusa tu. Tangu siku ile nyumbani kwetu kamba za nguo zilikuwa za katani au plastiki, na baada ya dhoruba hakuna aliyeruhusiwa kugusa bati, mlango wa chuma wala bomba kabla mtu mzima hajazunguka nyumba akitazama nyaya.

Ukihisi mtetemo au kuchonyota unapogusa bati, geti, bomba au friji, zima swichi kuu ikiwa mahali ilipo ni pakavu, toa watu nje, na upige simu. Maji yakiwa yameingia ndani mpaka karibu na soketi, au ikibidi ukanyage maji kuifikia swichi kuu, iache kama ilivyo. Toka nje na uombe shirika likate umeme kutoka kwenye nguzo.

Mtu akiwa amenaswa, moyo hutaka kumkimbilia na kumvuta, na hivyo ndivyo mmoja anavyokuwa wawili. Zima umeme kwanza. Kwa umeme wa ndani ya nyumba, ikiwa swichi haifikiki, msukume mbali na chanzo kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mpini wa fagio wa mbao au kiti cha plastiki, nawe ukiwa umesimama mahali pakavu. Kwa waya wa nguzoni usijaribu hata hilo, kwa kuwa kwa volti maelfu hata mti mkavu si kinga ya kutegemewa. Akishatengwa na umeme, kama hapumui, mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Na hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, kwa sababu moyo uliopigwa na umeme huweza kuyumba baadaye, na jeraha dogo la ngozi huweza kuficha majeraha makubwa ya kuungua ndani.

Moshi, moto na jenereta

Mvua inaponyesha, jiko la mkaa huingizwa ndani. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeliona kuwa ni kosa. Chakula kikishaiva, makaa yaliyobaki huachwa pale yapashe chumba joto au yafukuze mbu, na milango inafungwa kwa sababu ya upepo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hata mkaa usiotoa moshi kabisa, ule mwekundu mzuri unaopendeza, huitoa. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo mtu huzidhania malaria au njaa, kisha analala, na aliyelala hahisi tena dalili yoyote. Jiko lipikiwe barazani au penye upenyo mkubwa wa hewa, na lisilale ndani na watu hata usiku mmoja. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, msidhani ni malaria: fungueni kila kitu, tokeni nje, na mkifika hospitali mwambieni daktari waziwazi kuwa mlikuwa na jiko au jenereta, kwa kuwa bila neno hilo hataweza kukisia.

Jenereta hutoa gesi hiyohiyo kwa wingi zaidi. Isiwekwe ndani, wala jikoni, wala kwenye korido, wala barazani chini ya dirisha. Iwe nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha, moshi wake ukielekea upande usio na nyumba, yako wala ya jirani. Najua hofu ya wezi ndiyo inayowafanya wengi waiingize ndani. Ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo nje. Isubiri ipoe kabla ya kuijaza petroli.

Kosa lingine la jenereta linawahusu watu usiowaona. Baadhi ya mafundi wa mtaani hutengeneza waya wenye plagi mbili, upande mmoja ukiingia kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Umeme huo haubaki nyumbani mwako. Hutoka kupitia mita, hufika kwenye transfoma, na transfoma iliyotengenezwa kushusha volti 11,000 kuwa volti za matumizi hufanya kazi hiyo kinyume: huzipandisha volti zako kuwa maelfu. Fundi aliye juu ya nguzo kilomita moja kutoka kwako, akiamini njia imezimwa, anaushika. Tumia jenereta kwa kuchomeka vifaa moja kwa moja, au mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania Bara, aweke swichi maalumu ya kubadilisha chanzo, inayotenga kabisa nyumba na gridi.

Kuhusu taa, sina maneno mengi. Taa ya sola au tochi ni bora kuliko mshumaa, na mshumaa ni bora kuliko koroboi iliyowekwa juu ya kiti. Ukilazimika kuwasha mshumaa, usimamishe ndani ya sahani pana yenye mchanga au maji, mbali na pazia na mbali zaidi na chandarua, ambacho hushika moto kwa kasi ya kutisha, na uuzime kabla usingizi haujakuchukua. Mafuta ya taa yasichanganywe na petroli, na chupa yake isifanane na ya maji ya kunywa penye watoto.

Chakula, dawa na wagonjwa

Friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa takribani saa nne. Friza iliyojaa hudumu hadi saa 48, na iliyojaa nusu hudumu saa 24, mradi mlango usifunguliwe. Kwa hiyo amri ya kwanza nyumbani ni kwamba friji isifunguliwe kwa kuchungulia. Nyama, samaki, maziwa na wali wa jana vikikaa nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili katika joto la pwani, visiliwe, hata kama havinuki. Samaki ambao bado ni wazuri wanaweza kukaangwa wakauke, au wapasuliwe na kutiwa chumvi kama ng'onda, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kabla neno friji halijaingia katika lugha. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hasa ikiwa vyoo vya mtaani vimefurika, kwa kuwa kipindupindu hufuata mafuriko.

Wenye kisukari wanaotumia insulini wasiitupe kwa sababu tu friji imezima. Kwa aina nyingi, chupa au kalamu inayotumika huweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30 za Selisiasi. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti ndiyo inayosema kikomo cha dawa yako hasa. Ili isipate joto, iweke kwenye kichupa kilichofungwa vizuri, ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliowekwa ndani ya mwingine mkubwa, kati yake pakiwa na mchanga uliolowanishwa, mahali penye kivuli na upepo. Isigandishwe kwa barafu. Insulini iliyoganda haifai tena.

Mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni, au anayekwenda kusafishwa damu, asisubiri giza. Taarifa ya tahadhari ikitoka, wasiliana na hospitali inayomhudumia uulize ikiwa ina jenereta inayofanya kazi, na ikibidi ahamishiwe karibu nayo barabara zikiwa bado zinapitika. Vivyo hivyo kwa mjamzito aliye katika wiki zake za mwisho. Yaliyotokea Somanga yanatufundisha kuwa barabara hukatika wakati uleule ambao umeme unakatika.

Kutafuta msaada

Kabla ya kupiga simu, hakikisha kwanza kuwa ni mtaa na si nyumba yako. Tazama taa za majirani, angalia kama yuniti zimekwisha, kisha tazama kama swichi kuu imejiangusha. Ikiwa imejiangusha na ukiinua inaanguka tena, usishindane nayo: kuna hitilafu ndani ya nyumba, na hiyo ni kazi ya fundi.

Tanzania Bara, TANESCO hupokea taarifa kwa namba 180 bila malipo. Moto na uokoaji ni 114, polisi ni 112, na kwa ushauri wa afya kuna 199. Nchini Kenya, Kenya Power hupatikana kwa 97771 au kwa kubonyeza *977#, polisi na dharura kwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199. Zanzibar huduma ya umeme ni ya ZECO, na mlango wa kwanza wa msaada ni sheha wa shehia yako, anayeunganisha wananchi na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Bara, mtu huyo ni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Kenya ni mzee wa nyumba kumi na chifu. Viongozi hawa hudharauliwa siku za kawaida kwa kuwa tunawakumbuka tunapotaka barua tu, ila wao ndio wanaojua shule ipi imefunguliwa kuwa makazi ya muda na ni nani mtaani ni mzee anayeishi peke yake.

Ukipata mtu wa kupokea simu, sema mambo matano kwa utaratibu: namba ya mita, mtaa na alama inayojulikana, nini kimeonekana, kama kuna hatari kwa watu, na namba yako ya simu. "Umeme hakuna huku kwetu" ni taarifa isiyomsaidia fundi. "Nguzo imeinama nyuma ya msikiti, waya umelala barabarani, karibu na shule ya msingi" ni taarifa inayompandisha fundi kwenye gari. Nguzo au transfoma ikiwa na namba iliyoandikwa, isome ukiwa mbali. Omba namba ya taarifa yako na uiandike, ili ukipiga tena usianze mwanzo.

Mawasiliano yakiwa hafifu, andika ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwa kuwa ujumbe hupenya pale simu inapokataa. Weka simu kwenye hali ya kubana betri, punguza mwanga wa kioo, na mkubaliane nyumbani kuwa simu moja iwe wazi na nyingine zizimwe kwa akiba. Habari zinazosambazwa kwenye makundi ya simu kuwa kimbunga cha pili kinakuja usiku zipimwe kwa taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hazijapelekwa mbele.

Jihadhari pia na vishoka. Giza linapochukua siku ya tatu hujitokeza kijana mwenye mkanda wa zana, akasema kwa kiasi fulani cha fedha atarudisha umeme mchana huuhuu. Nguzo na waya wa barabarani ni mali ya shirika, na kuvitengeneza ni kazi ya shirika. Mtumishi halisi ana kitambulisho na hapokei fedha mkononi. Ukiwa na shaka, piga namba ya shirika uulize kama kuna timu iliyotumwa eneo lako. Waya uliorudishwa na kishoka huweza kuwaka, lakini hakuna anayejua umefungwa na nini.

Umeme unaporudi

Mara umeme ukikatika, chomoa friji, televisheni, pasi na kompyuta, uache taa moja tu ikiwa imewashwa ili ikuambie umerudi. Umeme unaporudi huja kwa mshtuko, au huja ukiwa mdogo, taa zikiwa nyekundu na feni ikijivuta, na umeme mdogo nao huweza kuunguza mota ya friji. Subiri dakika kumi na tano hivi mpaka taa itulie, kisha chomeka kimoja kimoja, friji ikiwa ya mwisho. Ikiwa maji yaliingia ndani na kufika kwenye soketi au mita, usiwashe chochote mpaka fundi mwenye leseni apime nyaya, hata kama ukuta unaonekana umekauka.

Halafu tazama nje. Mafundi wanapomaliza njia kubwa, mfumo wao huonyesha kuwa eneo zima limewaka, na wao huondoka kwenda mtaa mwingine. Nyumba tatu zilizounganishwa kwenye waya mmoja mdogo uliokatika nyuma ya uchochoro hazionekani kwao kabisa. Majirani wakiwashiwa nawe bado uko gizani, usisubiri kwa kudhani zamu yako inakuja. Piga tena siku hiyohiyo, taja namba ya taarifa ya kwanza, na useme wazi kuwa ni nyumba chache tu zilizobaki.